Dawa Nyekundu, Kidonge cha Njano na Majani ya Bibi

Nimestaafu, kwa hiyo sasa naruhusiwa kuwacheka. Nilipokuwa kazini, na sare nyeupe na saa nimeibana kifuani, nilikatazwa kumcheka mzazi. Mzazi anakuja na mtoto aliyepakwa masizi utosini, shingoni amefungwa kitunguu saumu, na mkobani kuna karatasi za madaktari watatu tofauti, halafu ananitazama machoni na kusema, "Hatujampa kitu chochote, Sista." Na mimi natakiwa niitikie kwa kichwa, kwa upole, kama mtu anayeamini.

Niliuguza watoto katika zahanati moja ya kata ya Ikolo mpaka wale niliowachanja wakanijia na watoto wao mgongoni. Sasa nakaa Bondeni, hapa Kyela mjini, nina baraza dogo na viti viwili, na haipiti wiki bila mmoja wenu kunipitia na mtoto anayekohoa. "Ugonile, Sista. Eti nimpe ya bibi au nimpe ya daktari?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo nawajibu wote, na nitasema na yale niliyokuwa nayameza.

Nianze na jambo msilopenda kulisikia. Mtoto wenu mwenye mafua, mara nyingi, atapona hata mkimpa maji ya bomba na wimbo. Ugomvi wote unaanzia hapo. Mtoto anapona mwenyewe, na yule aliyempa kitu cha mwisho ndiye anayebeba sifa. Kama bibi alikuwa wa mwisho, majani ni kiboko. Kama baba alikuwa wa mwisho, dukani kuna dawa hatari. Kama alikuwa daktari, basi yule daktari ana mkono mwepesi, tutarudi kwake. Mwili wa mtoto, uliofanya kazi yote, hakuna anayeupa hata asante.

Aliyenifundisha kuwaelewa ni tabibu wetu wa zamani, Bwana Ambokile, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Siku zangu za mwanzo alinisikia namuuliza mama mmoja, "Umempa mtoto dawa yoyote?" Yule mama akajibu hapana. Bwana Ambokile akaniita pembeni.

"Usiulize hivyo tena," alisema. "Hadanganyi. Kwake yeye majani si dawa, Panadol si dawa, na ya kuazima kwa jirani si dawa. Dawa ni sindano peke yake. Uliza mtoto amekunywa nini. Kisha mnuse mdomo."

Nilidhani ananitania. Akainama, akamnusa yule mtoto, akamgeukia mama: "Umemwekea nini kwenye uji, juba?" Alipoitwa juba, yaani mama kwa Kinyakyusa, hapo hapo akataja mizizi, akataja na aliyeichimba. Tangu siku hiyo nimenusa vinywa vya watoto wa kata nzima. Nimenusa moshi, vitunguu, tangawizi kali ambayo hata mimi mtu mzima ningelia. Nimemnusa mtoto kifuani nikakuta mafuta ya taa, baba yake akanieleza kwa fahari kwamba yanaunguza kikohozi. Nilimshauri akajipake yeye kwanza, tuone kitakachoungua.

Wala msidhani nawacheka wa majani tu. Wasomi wa karatasi ni wabaya kuliko wao, kwa sababu wao wana uhakika. Tulipoanza kupima malaria kwa kutoboa kidole, nilidhani watu watafurahi kupata jibu la kweli. Walikasirika. Kipimo kinasema hakuna malaria, mama anasema, "Kipimo chenu kibovu, mimi ndiye niliyemzaa." Dawa ya nimonia ilipobadilika kutoka chupa kuwa kidonge cha kuyeyusha kwenye kijiko cha maji, mzazi aliona kama ameibiwa. Alitaka chupa. Alitaka iwe nyekundu, nzito, tamu, inanukia pipi. Na kuna matabibu wenzangu, siwataji, ambao mtoto akipiga chafya tu mlangoni wameshaandika. Nimewahi kupokea mtoto mwenye kamasi, kamasi tu, na mama yake amebeba mfuko kama anatoka gulioni: antibayotiki za aina mbili, vitamini, na chupa ya kuongeza hamu ya kula. Mtoto mwenyewe alikuwa amekaa mapajani pa mama yake anatafuna ndizi ya pili.

Basi mkiniuliza ya bibi au ya daktari, mimi huwa nawasimulia habari ya mtoto Ipyana. Ilitokea siku zangu za mwisho kazini, simu hizi zenu za kupiga picha tayari ziko kila mfuko, kwa hiyo msije mkasema ni mambo ya kale.

Ipyana alikuwa bado anatambaa. Mama yake, Sekela, alikuwa binti mkimya aliyeolewa katika nyumba ambayo kila mtu mwingine anaongea. Mumewe, Lusajo, alisimamia mizani kwenye ghala la kakao, na kwa sababu alijua kusoma mizani alijiona anajua kusoma kila kitu. Waliishi ua mmoja na wazazi wa Lusajo. Mama mkwe, Bibi Tupokigwe, alikuwa ametibu watoto wa ukoo mzima kwa majani na hakupenda kuulizwa ni majani gani. Baba mkwe alikuwa Mzee Anyosisye, ambaye nitamfikia.

Ilikuwa msimu wa mvua, kila pua kijijini inachuruzika. Sekela akaniletea Ipyana anakohoa. Nikamvua shati nikamtazama anavyopumua. Alikuwa anapumua vizuri, ananyonya, anacheka, akanivuta saa yangu akataka kuila. Nikamwambia Sekela, "Haya ni mafua. Mnyonyeshe mara kwa mara, mpe uji na vya uvuguvugu, msafishe pua. Ukiona anapumua haraka haraka, au chini ya mbavu panabonyea ndani kila akivuta pumzi, au anakataa ziwa, usingoje mtu. Mlete."

"Na dawa?" akauliza.

"Hahitaji."

Akanishukuru, "Ndaga fijo, Sista," lakini niliona uso wake. Anarudi ule ua na mikono mitupu.

Yaliyofuata alinisimulia baadaye. Bibi Tupokigwe alimpokea mlangoni: "Umetembea njia yote hiyo kwenda kuambiwa umnyonyeshe? Hata mbuzi anajua hilo." Lusajo aliporudi kutoka ghalani akacheka pia, kisha akafungua simu. Alikuwa kwenye kikundi cha akina baba, ambamo kila mmoja ni daktari na hakuna hata mmoja anayebadilisha nepi. Wakamtumia picha ya chupa. Kesho yake akainunua duka la dawa mjini.

Mama na mwana wakagombana juu ya ile chupa. Bibi akasema dawa za dukani zinaharibu tumbo la mtoto. Lusajo akasema majani hayana kipimo. Wote wawili walikuwa na hoja, na hoja zikawapandisha hasira mpaka Lusajo akaapa kwamba hatatoa dawa ya dukani ndani ya ua wa mama yake, na bibi akaapa kwamba hatagusa mtoto wa watu. Nyumba ikatulia.

Mnajua ilitulia kwa nini? Kwa sababu kila mmoja alikuwa anampa kwa siri.

Lusajo alimbeba mtoto kwenda kumwonyesha migomba, na nyuma ya migomba akamwekea kifuniko cha dawa nyekundu mdomoni. Bibi alimchukua kwenda kumwogesha, na kwenye beseni kulikuwa na kikombe. Na Sekela, msije mkamfanya malaika, naye alichoka kuambiwa kwamba hajali. Jirani alimpa vidonge vya njano vya mafua vilivyobaki kwa mwanawe, akavivunja vipande, akasaga kipande kimoja kimoja na kukichanganya na maziwa yake mwenyewe kwenye kijiko. Hakumwambia mtu.

Basi Ipyana akaanza kulala. Alilala asubuhi, alilala mchana, kikohozi kikapungua, na ua mzima ukashangilia. Bibi akawa anapita anaimba. Lusajo akaandika kwenye kikundi chake kwamba dawa ni moto wa kuotea mbali. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa huruma, kama mshindi anavyomtazama aliyeshindwa na bado hajajua.

Aliyegundua ni Sekela, na hakugundua kwa akili, aligundua kwa mwili. Asubuhi moja anafua, akasikia kifua chake kinauma. Maziwa yalikuwa yamejaa mpaka kanga imelowa. Akajiuliza mtoto amenyonya lini, akakosa jibu. Akaacha nguo kwenye maji, akaingia ndani, akamwinua. Kichwa kikaanguka nyuma. Akamvua shati kama alivyoniona nafanya, akaona ngozi inazama chini ya mbavu, inatoka, inazama.

Lusajo alikuwa ghalani. Bibi alikuwa msibani, upande wa pili wa kijiji, na majirani wengi wamekwenda huko huko. Uani alikuwepo mtu mmoja tu, Mzee Anyosisye, amekaa kwenye kigoda kando ya pikipiki yake, anasugua mnyororo kwa kitambaa chenye oili.

Hapa niwaeleze wale mliokulia mjini. Kwetu Wanyakyusa, kwa mila ya zamani, mke hakutani na baba mkwe. Tunaita ukutila. Hamtazami usoni, hasemi naye, hatamki jina lake, na akimsikia anakuja anaacha njia. Siku hizi wengi wameiacha, wanakaa sebule moja kutazama mpira. Lakini Mzee Anyosisye alikuwa wa zamani. Kila akikaribia ua alikohoa kwa nguvu, na Sekela akazunguka nyuma ya nyumba. Tangu aolewe, alimjua baba mkwe wake kwa kikohozi na kwa mgongo.

Asubuhi hiyo alitoka mlangoni na kumwendea moja kwa moja.

Mzee aliona kanga yake kwa pembe ya jicho, akageuza uso kwa heshima. Sekela akazunguka upande wa pili. Mzee akageuka tena. Akazunguka tena. Haya nimeyasikia kwa wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na yamefanana, jambo ambalo kwa nyumba ile ni muujiza. Walizungushana pale kwenye kigoda kama kuku na kifaranga, mzee anakimbiza macho yake, binti anayakimbilia, mpaka Sekela akafanya jambo ambalo hata leo nikilifikiria nywele zinasimama. Alimweka mtoto mapajani pa mzee, juu ya kile kitambaa cha oili.

"Tata," alisema. "Mwanao anakufa. Nitazame."

Mzee akatazama chini, akaona miguu ya mjukuu wake inaning'inia kama nguo. Kisha akainua macho akamtazama mkwewe usoni. "Shika mtoto," akasema, "na unishike mimi." Akapiga pikipiki moto.

Barabara yetu mnaijua ikinyesha. Walipita kwenye tope, wakapita kando ya mashamba ya mpunga, wakapita gulioni ambako akina mama walikuwa wameanika usipa kwenye turubai wakitumaini jua. Na watu wakasimama. Wakaacha kuuza na kununua. Mkwe amembeba mkwe! Binti amemkumbatia baba mkwe kiunoni mchana kweupe! Mama mmoja akajifunika mdomo kwa kanga. Vijana wakatoa simu. Mtoto alikuwa katikati yao, uso wake umelala kwenye bega la mama, midomo imeanza kuwa na rangi mbaya, na kati ya watu wote waliopiga picha hakuna hata mmoja aliyemwona. Niliiona picha yenyewe baadaye. Ukiitazama vizuri unaona mkono mdogo. Hakuna aliyeitazama vizuri.

Nilimpokea mlangoni. Alikuwa anapumua haraka, kifua kinabonyea, na hashtuki nikimfinya. Nikaita tabibu wetu. Nikainama nikamnusa mdomo. Nikakuta pipi, na chini ya pipi uchungu wa majani.

"Amekunywa nini?" nikamuuliza Sekela.

Akanitajia kidonge cha njano, akafungua pindo la kanga akanipa vilivyobaki kwenye karatasi yake, machozi yanamtoka. Hakujua kuhusu pipi. Hakujua kuhusu majani. Mzee yeye hakujua hata kwamba mtoto alikuwa bado anaumwa, kwa sababu nani angemwambia? Mkewe alikuwa anatibu kwa siri, mwanawe anatibu kwa siri, na mkwewe haruhusiwi kusema naye.

Tabibu akapiga simu kuita gari la wagonjwa, akamchoma sindano ya kwanza ya nimonia wakati tunasubiri. Nikamwambia kwamba lazima tujue kila kilichoingia tumboni, ili huko hospitali wasitibu kwa kubahatisha. Nikawa natafuta namna ya kuwapata Lusajo na mama yake. Sikuhitaji. Ile picha ilikuwa imeshawafikia.

Lusajo alifika kwanza, ana vumbi la kakao mpaka kwenye nyusi, simu mkononi. "Sista," akafoka, "baba yangu yuko wapi?"

Sikilizeni hilo swali, nyie akina baba. Lirudieni kichwani.

"Baba yako ni mzima," nikamwambia. "Aliye mahututi ni mwanao, ukipata nafasi."

Akaishusha simu. Nyuma yake akaingia Bibi Tupokigwe na kanga za msiba, anahema. "Mmenitia aibu mbele ya watu wanaozika! Nani amewaambia wapande pikipiki moja?" Kisha akamwona Ipyana kitandani, na mimi namfuta uso, akakaa sakafuni bila kuangalia anapokaa.

Niliwachukua mmoja mmoja, kila mtu pembeni yake, kama padri anavyoungamisha. Ningewachanganya mama na mwana hapo nisingepata ukweli, ningepata ugomvi.

"Lusajo, mtoto amekunywa nini?"

"Hajapewa kitu."

"Sijauliza amepewa nini."

Akapapasa koti lake. "Ile ya chupa. Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kifuniko."

"Kwa siku?"

"Akikohoa."

"Alikohoa mara ngapi?"

Akatazama viatu vyake. "Sista, alikuwa anakohoa sana."

Chupa ilikuwa kwenye koti lake, imebaki tone. Nikasoma maandishi yake, nikaenda nikachukua kile kipande cha karatasi chenye vidonge vya njano alichonipa Sekela. Dawa moja. Moja, imevaa nguo mbili. Ile ya kukausha mafua, inayoleta usingizi hata kwa mwanaume anayebeba magunia. Baba anaitoa nyuma ya migomba, mama anaitoa jikoni, kila mmoja anaona kipimo chake ni kidogo.

Bibi alikuwa wa mwisho. "Majani yangu hayajawahi kuua mtu," akaniambia kabla sijauliza.

"Sijasema yameua, juba. Nauliza alikunywa kiasi gani."

"Kikombe cha kuogea." Akaanza kulia. "Nilidhani ndiyo yamemtuliza."

Gari likafika. Nikawasimamisha wote pamoja, na Mzee Anyosisye mlangoni amewapa mgongo, nikawaambia kwa lugha ambayo Bwana Ambokile angeipenda. Kikohozi ni kazi. Mtoto akikohoa anafanya kazi ya kusafisha kifua chake. Nyie mmempa kazi hiyo likizo. Mmemlewesha, akaacha kukohoa, akaacha kunyonya, nimonia ikaingia na kukaa kama mgeni aliyepewa kitanda, na nyie mkawa mnapita kwa vidole msimwamshe. Mtoto anayelala kwa kupona huamka akadai ziwa. Asiyeamka kudai amezidiwa.

Sekela na Lusajo walipanda gari. Nilimwekea Lusajo ile chupa mkononi, nikamwambia aishike mpaka daktari aione. Bibi akabaki, na siku nzima aligoma kuondoka zahanati, akakaa kwenye benchi la wajawazito. Mzee alibaki nje, anasugua tope kwenye pikipiki ambayo ilikuwa imeshatakata.

Hospitali walimwekea oksijeni na kumpa sindano. Kwa muda hawakumwahidi mtu kitu. Lusajo alinipigia simu akiwa korido, nikamsikia tu anavuta pumzi, na nikasubiri naye. Siku aliyonipigia kusema Ipyana amenyonya, nilikuwa nahesabu chanjo, nikaacha hesabu nikakaa chini.

Nilipokwenda kuwatazama wodini niliwakuta tayari wameanza. Lusajo ananieleza mashine ya oksijeni inavyofanya kazi, kana kwamba ameitengeneza. Bibi ananinong'oneza kwamba majani ndiyo yaliyomshikilia mtoto mpaka akafika. Sekela alikuwa amekaa kitandani anamnyonyesha na hasemi kitu. Ndipo nilipojua mtoto amepona kabisa. Watu hawagombanii sifa kwa maiti.

Sasa jibu lenu. Ya bibi au ya daktari? Mimi sina ugomvi na uji wa bibi, wala na chai yake ya limao, ingawa mtoto ambaye hajatimiza mwaka msimpe asali, na ambaye hajafika miezi sita mpeni ziwa peke yake, hata bibi akinuna. Sina ugomvi na dawa ya daktari iliyoandikwa kwa ajili ya ugonjwa uliopo, ikanywewa mpaka iishe, na kilichobaki kisigawiwe mtaani kama pilau. Ugomvi wangu ni na usiri. Kila anayempa mtoto kitu akiseme kwa sauti, na wote wasikie, hata kama watacheka. Na dawa ya kumnyamazisha mtoto wa ziwa anayekohoa msiinunue. Mnanunua usingizi wenu, mnamtia yeye mdomoni. Mvueni shati mumtazame kifua. Hilo halihitaji kikundi.

Mnadhani habari iliishia hapo. Nyie hamuwajui wazee wetu.

Ipyana aliporudi nyumbani, ukoo ulikutana. Nilialikwa kama mgeni. Nilidhani tunakwenda kushukuru, nikavaa gauni la kanisani. Kumbe kuna kesi. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye mkeka, nyuso zimekunjamana, na kesi yenyewe ilikuwa kwamba Sekela amemkosea heshima baba mkwe. Amesema naye, amemgusa, amemkumbatia mbele ya soko zima, na picha ipo. Mmoja wao aliitoa simu na kuizungusha, kila mzee akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wakakubaliana kwamba binti atoe faini ya jogoo, apikwe, aliwe na wazee, mila irudi mahali pake.

Kuhusu dawa nyekundu hakuna aliyesema. Kuhusu kidonge cha njano, kimya. Bibi Tupokigwe alikuwa anaangalia mikono yake.

Sekela alikuwa ndani na mtoto, mlango umeachwa wazi kidogo ili asikie anavyohukumiwa. Lusajo alitaka kusema kitu, mjomba wake akamkazia macho, akanyamaza. Nikajiandaa kusema mimi, ingawa mgeni hasemi.

Mzee Anyosisye akasimama. "Jogoo natoa mimi," akasema. "Amekwishapikwa."

Wazee wakafurahi. Wali wa mpunga wa hapa hapa Kyela ukaletwa, unanukia mpaka barabarani, na ndizi, na jogoo mzima kwenye bakuli la bati. Wakanawa. Wakasogeza bakuli katikati, na kila jicho likatafuta firigisi. Mnajua firigisi ni ya nani. Katika nyumba zetu mwanamke anaweza kuipika maisha yake yote asijue ladha yake. Ni ya baba mwenye nyumba.

Mzee akaitafuta kwa kijiko, akaipata, akaiweka kwenye kisahani peke yake. Hakula. Akasimama tena, akavuka ua, na safari hii hakukohoa. Akasimama mbele ya ule mlango.

"Sekela," akaita, jina kamili, kwa sauti ya kusikika mpaka mkekani. "Njoo nje, mwanangu."

Akatoka, Ipyana mgongoni. Hakujifunika uso. Mzee akampa kile kisahani kwa mikono miwili.

Mzee mmoja wa ukoo akasema, "Anyosisye!" Basi, jina tu, hakujua amalizie vipi.

Sekela aliiangalia firigisi, akamwangalia baba mkwe wake, kisha akakaa pale pale kizingitini, mbele ya wazee wote walioacha kutafuna, akaila. Hakuwa na haraka. Aling'ata kidogo, akatafuna vizuri, akang'ata tena. Ipyana akanyoosha mkono kutoka mgongoni akitaka na yeye, akampa kipande kidogo alichokilainisha kwanza mdomoni mwake, na alipofanya hivyo alisema kwa sauti, ili watu wote wasikie:

"Nampa mtoto firigisi."